Meneja wa Benchi

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Kinyozi, na linakalisha watu saba wenye heshima zao. Siku hiyo tulikuwa wanne. Kinyozi mwenyewe, anayepika kahawa kwa kuwa kunyoa kumepoa; Dokta, ambaye aliwahi kupaka rangi hospitali na lile koti jeupe hakulivua tena; Fundi Mageti, mchomeleaji; na mimi, ninayenyamaza mpaka niudhiwe. Mbele yetu alilala Meneja, mbwa wa Fundi, wa ile mbegu ya kuchunga kondoo, na kondoo hana. Fundi alikuwa amepakata bakuli la mbwa. Kuna mama mfugaji wa kondoo alikuwa njiani kuja kumchukua, na Fundi alikuwa na huzuni ambayo hata Dokta aliiona.

KINYOZI: Sema ukweli, Fundi. Kosa lake nini?

FUNDI: Amemfungia mama mkwe jikoni.

DOKTA: Funguo kazipata wapi?

FUNDI: Funguo za nini? Kamsukuma kwa pua, taratibu, mpaka ndani. Akamfuata shangazi. Jirani kaja kuomba chumvi, naye ndani. Halafu kajilaza mlangoni. Narudi kutoka kazini nawakuta watatu wamesimama kando ya jiko.

MIMI: Kauma mtu?

FUNDI: Hata kubweka hakubweka. Anawatazama tu. Sasa mke wangu kasema mama yake hakanyagi kwangu mpaka mbwa aondoke. Na mama mkwe ni mama mkwe, jamani. Lakini huyu nimemlea kwa chupa.

Meneja aliinuka, akaenda hadi mwisho wa benchi alikojitenga Dokta, akamgusa goti kwa pua. Dokta akasogea kidogo bila kukatiza fikra zake.

DOKTA: Tatizo ni nguvu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo mnyime samaki.

KINYOZI: Samaki tena?

DOKTA: Samaki anaongeza mbio. Mwangalie paka.

MIMI: Paka analala kutwa.

DOKTA: Kwa sababu ameshafika.

FUNDI: Nimemkimbiza asubuhi mpaka nikalala mimi. Nimemrushia mpira mpaka bega likateguka. Nikisema kaa, anakaa. Nikisema lala, analala. Nikigeuka tu, kawapanga watoto wa mtaa ukutani. Wateja wanakuja kuulizia geti, wanaingia, hawatoki. Eti muuza mageti ni mimi!

Meneja alipita nyuma ya Kinyozi. Kinyozi akasogea, akanipiga kiwiko, akaniambia nisogee na mimi.

KINYOZI: Hiyo ni damu. Babu yake lazima alikuwa mwalimu wa zamu.

MIMI: Babu wa mbwa?

KINYOZI: Damu nzito kuliko maji. Ndiyo maana haichujiki.

DOKTA: Hapana. Huyu anafanya sensa. Utahesabuje watu wanaotembea? Lazima uwakusanye kwanza.

KINYOZI: Kweli. Haba na haba hujaza kibaba. Jikoni walishafika watatu.

MIMI: Hivi nyie mna akili? Mbwa huyu hana ila. Kakosa kazi tu!

Wakanitazama kwa huruma.

DOKTA: Dawa ipo. Mbwa ameshafundishwa, amefuzu. Aliyebaki ni mama mkwe.

FUNDI: Nimwambie mama mkwe “kaa”?

DOKTA: Kwa heshima.

Wakati huo akatokea mama mmoja, mabuti ya mpira miguuni, kamba begani.

MAMA: Hamjambo wazee wangu?

KINYOZI: Hatujambo mama, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MAMA: Asante. Samahani, naomba kuuliza. Benchi refu lote hili, mbona mmebanana upande mmoja?

Tukatazamana. Kiwiko cha Kinyozi kilikuwa mbavuni mwangu. Dokta alikuwa amekalia nusu ya paja la Fundi. Vikombe vyetu vilikuwa kule, upande mwingine, kahawa imepoa, na kati yetu hakuna aliyekumbuka alihama lini. Mbele yetu Meneja alikuwa amelala, kidevu chini, macho juu, ametulia kuliko siku zote.

MAMA: Basi, nimeshamwona. Twende, baba mchungaji.

Fundi alichuchumaa akamshika mbwa masikio.

FUNDI: Akimaliza kazi atakuja kukutazama usoni. Ujue anasubiri umwambie “vizuri”. Nyumbani kwangu kila akimaliza alikuta tunapiga kelele.

MAMA: Nitamwambia.

FUNDI: Leo wacha nimwambie mimi. Vizuri, Meneja. Vizuri sana.

Akamkabidhi mama bakuli. Walipofika kwenye kona Meneja aligeuka, akatutazama mmoja mmoja, akaona tumetimia wote wanne, akaenda zake.

KINYOZI: Jamani, kahawa iko kule.

DOKTA: Tunaiona.

Hakuna aliyesogea.