Makofi ya Laela

ROMANI: Haloo? Nani mwenzangu huyo?

FORTUNATA: Shikamoo babu.

ROMANI: Marahaba. Ni nani? Simu inakoroma tu.

FORTUNATA: Ni mimi Fortunata, babu. Mjukuu wako wa Sumbawanga.

ROMANI: Aaa, mke wangu! Sasa mbona unanong'ona kama umeiba kuku?

FORTUNATA: Niko nyuma ya duka la Mama Hellena. Wateja wamejaa ndani, sitaki wasikie.

ROMANI: Anakufundisha vizuri huko kushona?

FORTUNATA: Ananifundisha. Bibi hajambo?

ROMANI: Mke mwenzio hajambo kabisa. Yupo jikoni, anaimba nyimbo za kwaya tangu asubuhi.

FORTUNATA: Anaimba? Ana nini leo?

ROMANI: Furaha tu. Huko baridi ikoje? Huku juzi ilipiga mpaka—

FORTUNATA: Babu, jana mlikuwa na mkutano wa wastaafu?

ROMANI: Nani kakuambia?

FORTUNATA: Redio. Wamesema wastaafu wa Laela wamekubali kipimo kipya cha kupandishia pensheni. Wamekubali wote, kwa makofi.

ROMANI: Redio inasema uongo.

FORTUNATA: Kwa hiyo hamkupiga makofi?

ROMANI: Makofi yapi?

FORTUNATA: Babu?

ROMANI: Tulipiga.

FORTUNATA: Yesu wangu.

ROMANI: Ngoja kwanza, usianze kumwita Yesu. Nani mwingine kasikia hiyo redio?

FORTUNATA: Duka zima. Mama Hellena naye ni mstaafu, alikuwa nesi, mfuko wake wa pensheni ni huohuo wako. Alizima redio, akaweka mkasi mezani. Akasema hapa mjini walimkatalia yule afisa wa mfuko kweupe. Namanyere nao wakamkatalia. Ninyi peke yenu ndio—

ROMANI: Endelea. Akasema nini tena?

FORTUNATA: Basi tu, maneno.

ROMANI: Fortu, sema.

FORTUNATA: Kasema mwenyekiti wa wastaafu wa Laela amelamba asali.

ROMANI: Asali ya wapi? Mimi hata mzinga sina.

FORTUNATA: Anamaanisha umehongwa, babu.

ROMANI: Anajua kwamba huyo mwenyekiti ni babu yako?

FORTUNATA: Hajui. Anajua tu kwamba natoka upande huo.

ROMANI: Na wewe ulimjibu nini?

FORTUNATA: Nilikuwa napinda upindo wa gauni.

ROMANI: Nimekuuliza ulijibu nini.

FORTUNATA: Nilinyamaza.

ROMANI: Ulinyamaza.

(mtandao unakwaruza)

FORTUNATA: —unanisikia? Babu, hicho kipimo chenyewe mlikielewa?

ROMANI: Tutaachaje kukielewa? Yule afisa alileta mashine, akatuonyesha picha ya kapu ukutani. Akasema siku zote wakitaka kupandisha pensheni wanaangalia vitu vyote ndani ya kapu vimepanda bei kiasi gani. Unga, maharage, mkaa, mafuta ya taa, nguo, vyote.

FORTUNATA: Enhee.

ROMANI: Akasema sasa wanataka kapu lililotulia. Chakula na vitu vya kupikia bei zake zinarukaruka, zinawachanganya mahesabu. Akavitoa. Unga ukatoka. Maharage yakatoka. Mkaa, gesi, mafuta ya taa, vikatoka.

FORTUNATA: Kikabaki nini?

ROMANI: Viatu, simu, na kunyoa nywele.

FORTUNATA: Na wewe una upara.

ROMANI: Si ndiyo! Yonas, mstaafu mwenzangu, alinong'ona pale kwenye benchi, akasema, mzee Romani, pensheni yako itapanda siku ukiota nywele. Watu walicheka mpaka katekista akageuka.

FORTUNATA: Kumbe mlielewa. Sasa mkakubali vipi?

ROMANI: Hatukukubali!

FORTUNATA: Makofi je?

ROMANI: Fortu, umelelewa huku au umeokotwa barabarani? Mgeni akimaliza kusema, mzee wa Kifipa anafanya nini? Anakunja viganja, anainama, anapiga yale ya taratibu. Pa, pa, pa. Hiyo ni heshima. Hata angesema anakuja kutubomolea nyumba tungempigia kwanza, ndipo tungesimama kumjibu.

FORTUNATA: Na mlisimama kumjibu?

ROMANI: Tulikuwa tunajiandaa. Yeye akasema, nashukuru wazee wangu kwa kupitisha.

FORTUNATA: Mkasema nini?

ROMANI: Tukapiga tena.

FORTUNATA: Babu!

ROMANI: Alishukuru! Mtu akikushukuru utamwacha hivihivi? Akafunga mashine yake, wakaleta soda. Yonas ndiye wa kwanza kushtuka, akauliza, jamani, kimepitishwa nini? Gari limeshawashwa.

FORTUNATA: Na wewe ulikuwa wapi wakati huo?

ROMANI: Wakati upi?

FORTUNATA: Wakati gari limewashwa.

ROMANI: Nilikuwa... ndani ya gari.

FORTUNATA: Gari la nani?

ROMANI: Kulikuwa na matope, Fortu. Unaijua njia ya kwetu. Mimi nimeendesha greda barabara hizi ujana wangu wote, leo nitembee matopeni na goti hili wakati gari linapita mlangoni kwangu?

FORTUNATA: Siku zote unatembea.

ROMANI: Siku zote hakuna gari.

(mtandao unakwaruza, sauti ya mwanamke kwa mbali)

ROMANI: Eeh? Ni Fortu. Nyamaza kwanza, nitamwambia mwenyewe.

FORTUNATA: Bibi anasema nini?

ROMANI: Anakusalimia.

FORTUNATA: Kasema jiko.

ROMANI: Kasema yupo jikoni.

FORTUNATA: Hapana, babu. Kasema "mwambie jiko halitoi moshi hata kidogo." Nimemsikia vizuri. Jiko gani hilo lisilotoa moshi?

ROMANI: La gesi. Mtungi mdogo tu na jiko lake juu. Mdogo, mdogo kabisa.

FORTUNATA: Limetoka wapi?

ROMANI: Si wanagawa siku hizi kila mahali, watu waache kukata miti—

FORTUNATA: Yonas amepata?

ROMANI: Yonas? Hapana.

FORTUNATA: Katekista?

ROMANI: Yule anatumia kuni za parokia.

FORTUNATA: Babu, limetoka wapi?

ROMANI: Lilikuwa nyuma ya gari. Dereva akalishusha mlangoni.

FORTUNATA: Likashushwa peke yake.

ROMANI: Usinihoji kama polisi, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni.

FORTUNATA: Samahani babu. Nisamehe. Lakini huo mtungi ukiisha, gesi ya kujaza imo kwenye kapu lao jipya?

ROMANI: Waliitoa. Nimekuambia waliitoa na mkaa.

FORTUNATA: Kesho wakubwa wa mfuko wanakaa hapa mjini. Wanataka kusema Ufipa imekubali, na walionao mkononi ni ninyi tu wa Laela. Mama Hellena na wenzake watakuwa pale mlangoni tangu asubuhi kupinga. Njoo babu. Useme makofi yale yalikuwa ya mgeni, hayakuwa ya kukubali.

ROMANI: Nitakuja! Nawaeleza vizuri kabisa. Nainama mbele yao, napiga, nawauliza, haya, nimekubali nini hapa?

FORTUNATA: Na jiko?

ROMANI: Jiko linaingiaje hapo?

FORTUNATA: Watu lazima waliliona likishuka. Ukifika watalitaja wao.

ROMANI: Mke wangu, fikiri kidogo. Nikitaja jiko, nani ataniamini habari ya makofi?

FORTUNATA: Na usipolitaja?

ROMANI: Wewe unaniamini?

FORTUNATA: Naamini kwetu tunampigia mgeni.

ROMANI: Sikukuuliza hilo.

FORTUNATA: Babu... hilo jiko uliliona lini mara ya kwanza? Baada ya mkutano, au kabla?

ROMANI: Simu yako inakatika.

FORTUNATA: Haijakatika, nakusikia unavyopumua.

ROMANI: Kabla. Asubuhi. Afisa alifungua mlango wa nyuma kunionyesha. Akasema, mwenyekiti, hili ni la mama nyumbani, amechoka na moshi. Na ni kweli, Fortu, macho ya bibi yako unayajua. Yanatoka machozi mpaka wakati wa kulala. Mimi sikuomba. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

FORTUNATA: Halafu ukaenda kukaa mbele.

ROMANI: Mwenyekiti anakaa mbele.

FORTUNATA: Nani alianza kupiga?

ROMANI: Lazima aanze mkubwa.

FORTUNATA: Ulimpigia kama unavyompigia mgeni yeyote?

ROMANI: Mikono ilikuwa myepesi kidogo.

(mtandao unakwaruza)

FORTUNATA: Kesho sema hivyohivyo.

ROMANI: Mbele ya huyo Hellena na mkasi wake? Wewe unataka nizomewe!

FORTUNATA: Watakuzomea. Wakimaliza, watakusikiliza habari ya makofi. Ukificha, hawatakusikiliza kabisa, na kipimo kitapita kwa jina lako.

ROMANI: Nitasimama peke yangu kama mwizi wa ng'ombe.

FORTUNATA: Nitasimama na wewe. Leo hii namwambia Mama Hellena kwamba huyo mwenyekiti ni babu yangu.

ROMANI: Wewe? Wewe uliyekuwa unaogopa kutumwa chumvi kwa jirani? Atakufukuza kazini.

FORTUNATA: Huenda. Babu, kifurushi kinakwisha, panda basi la kwanza—

ROMANI: Sasa bibi yako nitamwambia nini? Hajaimba hivi tangu—

FORTUNATA: Na jiko uje nalo.

ROMANI: Nini? Nije nalo wapi?

FORTUNATA: Mjini. Uliweke mezani kwao.

ROMANI: Fortu, ameshabandika maharage!

FORTUNATA: Yaache yaive. Basi ni la kesho.

ROMANI: Wewe mtoto, hivi unajua kumwambia mwanamke arudi kwenye moshi? Njoo umwambie wewe, mimi siwe—

FORTUNATA: Babu, dakika zimeisha. Unakuja?

ROMANI: Kwanza nimwite, nione ata—

FORTUNATA: Babu? Haloo? Haloo, babu... umesema unakuja, au hujasema?