Waliojifanya Mvua Hewani

“Foni si kanisa. Mwenye masikio laini azime redio yake, awaache wanaume wacheze.”

Maneno hayo, Mwananchi Kamishna wa Zone ya Ibanda, Mapadri na Wachungaji mliotuazima mitambo yenu miaka yote hii, wazee wetu wa Bukavu, mama zetu, wafanyabiashara wa Nyawera mliochanga tukapata mtambo huu mpya wa redio, na ninyi wachezaji wenzangu mlioshuka kutoka milima ya Mwenga na kupanda kutoka Uvira: maneno hayo hayakusemwa na mlevi. Yalisemwa wiki iliyopita, mchana kweupe, na katibu wa Chama chetu cha Dama, Mwananchi Mushagalusa, ambaye ameketi pale mbele ndani ya koti jipya la abakosti, na sasa ananitazama kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Uniwie radhi, ndugu katibu. Uliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya mchezo, na ndiyo ninayozungumza.

Ni kweli, foni si kanisa. Lakini je, ni choo? Kati ya kanisa na choo hakuna sebule, hakuna baraza, hakuna soko? Hata pale Nyawera, ambako wapagazi hupigania mzigo kwa viwiko, mtu akimtukana mama muuza mihogo, wauzaji wenzake humzomea mpaka atafute njia ya kutokea. Na sisi tuliosoma, sisi tunaofunga vifungo mpaka shingoni, tulimsikia mwanamke akitukanwa Jumapili baada ya Jumapili, tukafanya nini? Tukasogeza kete.

Wageni wetu wapendwa, huenda wengine wenu hamjui tunavyocheza. Barabara zetu mnazijua: mvua ikinyesha, Luhwindja inakuwa mbali kama Ulaya. Lakini parokia zina foni, redio za kuitana, maduka makubwa yana foni, machimbo ya dhahabu yana foni, na siku za kazi redio hizo huagiza dawa, chumvi na mafuta. Jumapili alasiri hazina kazi. Ndipo tukaomba tupewe hewa. Kila mchezaji anaweka ubao wake mezani mahali alipo, na kwa kuwa kila nyumba ya ubao ina namba, mtu wa Bukavu anabonyeza kitufe cha mikro na kusema “trente-deux, vingt-huit,” yaani kete ya thelathini na mbili iende ishirini na nane, na mtu wa Shabunda, asiyeijua hata sura yake, anaisogeza kete, au pioni kama wengi tunavyosema, ya mwenzake kwa mkono wake mwenyewe. Fikirini jambo hilo. Unamsogezea adui yako kete inayokuja kukumaliza! Mchezo wetu wote umejengwa juu ya uaminifu huo, na bila huo hatuna mchezo. Tuna watu wanaopiga kelele kila mmoja mbele ya ubao wake.

Tulikuwa pia na desturi moja nzuri. Kabla ya kucheza, kila mtu hutaja kituo, jina, na hali ya hewa ya kwake. “Hapa Uvira, Abedi, jua kali, mbuzi wenyewe wamekimbilia kivulini.” Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Na ndivyo tulivyomjua Mapendo.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana kule Luhwindja, na paroko alimruhusu kutumia foni ya parokia. Siku ya kwanza alisema, “Hapa Luhwindja, Mapendo. Jua limejificha nyuma ya kilima kama mkwe aliyemwona mama mkwe wake njiani.” Tulicheka vituo vyote. Kisha akaanza kucheza, tukaacha kucheka. Mapendo alikuwa anakupa kete moja bure, unaifurahia, unaila, na kabla hujafuta mdomo amekula zako tatu na kuingia dama. Na alicheka! Kicheko kirefu, kisicho na adabu hata kidogo, ambacho kilipita juu ya misitu na kuingia sebuleni kwangu mpaka mama watoto alikuwa anauliza toka jikoni, “Leo tena amekupiga?”

Mimi nimesoma vitabu vingi na nimegombana na watu wengi. Nawaambia kwamba sijapata kushindwa na mtu kwa furaha kama nilivyoshindwa na yule.

Mabaya yalianza siku aliyomfunga bingwa wetu, Mwananchi Tambwe, karani wa machimbo, ambaye naye yuko humu. Tambwe alikuwa amebanwa, akasema, “Luhwindja, ngojea kwanza, niko nafikiri.”

“Fikiri, papa, fikiri,” Mapendo akamjibu. “Ukichoka kufikiri wende ulale. Pioni zako nitakuchungia.”

Alicheka hata Tambwe mwenyewe. Lakini Jumapili iliyofuata ilisikika sauti isiyotaja kituo wala jina wala hali ya hewa. “Maman, bugali yako iko naunguwa!”

“Bugali nilisha pika asubui, papa,” akasema Mapendo. “Sasa niko nakula pioni. Taja kituo yako, nikuwekee sahani.”

Kama ingeishia hapo, ningekubaliana na katibu: huo ni utani, na katika utani Mapendo hakuhitaji mtetezi. Lakini sauti zikawa mbili, zikawa tatu. “Mwanamuke bila bwana, ndio maana anatafuta bwana za wengine hewani.” “Hesabu gani iko nafundisha watoto, huyu malaya?” “Mutu wa mulimani, hata viatu ulivalia ukubwani.” Samahani, Mapadri. Samahani, mama zetu. Nayarudia kwa sababu yalisemwa mbele ya watu wazima ishirini wenye mikro mkononi, na hakuna aliyebonyeza kitufe kusema basi. Serikali imetuagiza tuitane citoyen na citoyenne, mwananchi mume na mwananchi mke, na kila asubuhi ofisini tunaitana hivyo mpaka ulimi unachoka. Mbona hewani citoyenne aligeuka kuwa “wewe mwanamuke”? Uananchi wetu unaisha pale uso usipoonekana?

Mapendo hakuacha kucheza. Ndipo wakabuni jambo baya zaidi.

Tuna kanuni ya mwito wa tatu. Hewa tunaazimwa, hatuwezi kuikalia. Kwa hiyo mchezaji akiita namba zake mara tatu na mwenzake asipokee, aliyeita ndiye aliyepoteza mchezo. Kanuni hiyo tuliitunga kwa ajili ya mvua na radi, ambazo hazina hila. Basi kila Mapendo alipobonyeza kuita namba, mtu fulani alibonyeza kitufe chake palepale na kupuliza filimbi, na juu ya foni wawili wakibonyeza pamoja hakuna neno linaloeleweka. Mwito wa kwanza, filimbi. Wa pili, filimbi. Wa tatu, filimbi. Amepoteza. Tuliweka kanuni kwa ajili ya mvua, na wanaume wazima wenye wake na wajukuu wakajifanya mvua.

Sasa, ndugu zangu, mnadhani kamati ilifanya nini? Ilimtafuta mpuliza filimbi? La. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kwamba namba za Luhwindja zisomwe na katekista wa parokia, maana ana sauti ya kiume na haitachokoza mtu. Mapendo aketi kando yake, acheze kwa kidole, asiseme kitu. Tukajipongeza kwa hekima. Mimi nilipinga, nikaandika hata katika jarida letu, na nikaambiwa napenda ugomvi. Ni kweli, naupenda. Kama wengine mngeupenda kidogo tu siku ile, leo nisingekuwa nasimama hapa.

Filimbi ilinyamaza siku hiyo hiyo. Katekista alisoma namba, na namba zile zikamfunga Tambwe, zikamfunga na katibu. Na katibu, kwa moyo mweupe kabisa, akabonyeza mikro na kusema: “Hongera, katekista! Siku hizi Luhwindja inacheza kiume!”

Kisha ikasikika sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa wiki nyingi. “Hapa Luhwindja, Mapendo. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Kwa herini, wapapa.”

Tangu siku ile hakurudi.

Kiangazi kilichopita nilipanda lori la mihogo nikaenda Luhwindja. Nilimkuta anasahihisha kazi za wanafunzi, akanipa chai na maharage, akaniuliza habari za mama watoto. Ubao ulikuwa juu ya kabati, umegeuzwa uso chini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri njiani. Akayasikiliza yote, kisha akasema:

“Papa, walionifukuza si wenye filimbi. Wale niliwazoea, hata darasani niko nao. Walionifukuza ni nyinyi wema, mulionitafutia mdomo wa kuazima.”

Nikamwambia, “Basi rudi na mdomo wako.”

“Nirudi nipatane na nani?” akaniuliza. “Mwenye kunitukana hana jina. Mutu mwenye hana jina, utamusamehe namna gani?”

Nikamaliza chai yangu, nikashuka mlima na swali lake.

Wapo wanaosema, “Mbona Abedi wa Uvira anavumilia?” Kweli, wamemwita Abedi Mwarabu, wamemwambia arudi pwani kwa babu zake, ingawa babu yake alizikwa Uvira kabla nusu yenu hamjazaliwa, naye hucheka. Nimemuuliza leo asubuhi kama niwaambie anavumilia. Akasema, “Waambie ninacheka kwa sababu nauza vitenge, na muuza vitenge hagombani na mnunuzi. Lakini jioni hiyo hiyo huwa simsemeshi mtu nyumbani.” Sasa mmejua kicheko cha Abedi kinalipiwa na nani: na mke wake na watoto wake, kwenye meza ya chakula.

Na wapo wanaosema, kwa upole, kwamba mchezo umeendelea bila Mapendo. Umeendelea wapi? Mimi hukaa mbele ya foni kila Jumapili. Nasikia namba. Namba zinakuja safi, zinapokelewa, zinajibiwa, na mwisho mtu anasema “terminé” na mwingine anasema “terminé,” na hakuna aliyeuliza mwenzake kama kwao kuna mvua. Desturi ile imekufa bila mazishi. Nani atathubutu kueleza ukungu wa kwake baada ya ule wa Luhwindja? Nimefika mahali ambapo kelele ya hewa tupu, ile sshhh kati ya mwito na mwito, naisikiliza kwa hamu kuliko mchezo wenyewe, kwa sababu katika kelele ile mtu anaweza bado kutumaini kwamba kuna aliyeshika kitufe na hajakibonyeza. Mama watoto hutoka jikoni, ananitazama, harudii tena kuniuliza swali lake. Anarudi jikoni. Namkosa mpinzani wangu, ndugu zangu. Namkosa kama watu wanavyomkosa ndugu, na sioni haya kusema hivyo mbele ya Kamishna.

Leo mmenipa heshima ya kucheza mchezo wa kwanza juu ya mtambo huu mzuri, wenye nguvu ya kufika Shabunda bila mkwaruzo. Nauliza tu: nguvu hiyo yote ni ya kupeleka nini? Mtambo dhaifu ulipeleka matusi mpaka Luhwindja. Huu utayapeleka mbali zaidi. Kwa hiyo sitacheza, na mkitaka mpeni mwingine kiti changu, mpaka jambo moja lifanyike, na lifanyike sasa, mbele ya wageni hawa.

Katekista ameniambia kwamba foni ya parokia huwashwa kila Jumapili saa hii. Nilimuuliza kama Mapendo huja kusikiliza. Akasema, “Papa, mimi nachunga redio, sichungi watu.” Basi sijui kama yuko. Hakuna anayejua. Tutasema bila kujua, kama yeye alivyotakiwa kucheza na watu asiowajua.

Ndugu Mushagalusa, wewe ni katibu. Futa kanuni ya mwito wa tatu kwa kila anayezibwa na binadamu, na andika kwamba sauti isiyotaja kituo na jina haipokelewi na mtu yeyote, hata ikisema asante. Kisha uende hewani umwambie mwalimu Mapendo kwamba aliyekufunga ni yeye, kwa akili yake ya kike, na kwamba hongera yako ilipotea njia.

Na wewe, ndugu Tambwe. Nimekujua miaka mingi, najua kikohozi chako cha vumbi la machimbo, na kikohozi kile nilikisikia nyuma ya filimbi. Ningeweza kusimama mbele ya mikro na kukutaja mwenyewe, na ulimi unaniwasha kufanya hivyo. Lakini jina likitoka mdomoni mwangu litakuwa mashtaka tu. Likitoka mdomoni mwako, yule mwanamke atakuwa, kwa mara ya kwanza, na mtu wa kumsamehe au wa kumkatalia. Hiyo ni haki yake, na umeikalia muda mrefu. Wenzako wawili wanajijua. Sitawageukia, wasije wakamwaga soda zao. Waje nyuma yako.

Mheshimiwa Kamishna, mapadri, mama na wazee, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu muda wote huu. Nawaomba mniachie kidogo tena, yaelekee kule kwenye kipaza sauti cha mtambo. Vinywaji vitangoja.

Tambwe, simama. Mikro ile pale. Taja kituo chako, taja jina lako, sema ulichofanya. Kisha achia kitufe, tusikilize.