Mwalimu Telesphory na Neno Lake Moja: Fumua

Mwalimu Telesphory Rusimbi anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2003, baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha ushonaji katika kituo chetu cha Gungu. Wakubwa wameniomba niandike wasifu wake kwa sababu karani ndiye mwenye mafaili. Kweli, mafaili ninayo. Tatizo ni kwamba aliyeyajaza ni yeye.

Chukua fomu moja tu. Kila kijana mwenye ulemavu anayekuja kujifunza ufundi hujaziwa fomu, na humo kuna mstari unaosema: "Tatizo la mwanafunzi." Wafadhili wanategemea kusoma kiziwi, haoni vizuri, mguu umepooza. Mwalimu aliandika: "Anachelewa." Kwa mwingine: "Mbishi." Kwa Gasper, ambaye miguu yake haimbebi tangu utotoni: "Anakula dagaa juu ya kitambaa." Mwaka 1999, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilijaza upya fomu arobaini na mbili. Nilipomlalamikia alinijibu kwa utulivu wa kuudhi: "Wameuliza tatizo, mwanangu. Nimewaandikia tatizo."

Alizaliwa Simbo mwaka 1943, akajifunza cherehani kwenye baraza la fundi mmoja wa Ujiji. Alipoajiriwa hapa mwaka 1976 kituo kilikuwa na cherehani mbili, moja mbovu, na vijana walikuwa wakisuka vikapu vya kuwauzia watu wenye huruma. Vikapu alivifuta mwaka huohuo. Alisema mteja anayenunua kwa huruma harudi.

Tangu hapo ametoa mafundi zaidi ya mia moja na hamsini, na hakuna hata mmoja aliyemwacha mlangoni na cheti mkononi. Alikuwa anawatafutia kazi mwenyewe, kwa miguu, duka hadi duka, mpaka Ujiji. Kisha anarudi kukagua. Akikuta mshono wa mwenye duka umepinda, naye anaambiwa. Barua za malalamiko ninazijibu mimi.

Neno lake ni moja: fumua. Miaka hii ya wakimbizi tunapata wageni wengi. Wakitoka kambini hupita kwetu, wakatushika mikono na kupiga picha. Mgeni mmoja kutoka ng'ambo aliinua sketi iliyoshonwa zipu kichwa chini, akaisifu mpaka machozi yakamlenga. Mwalimu aliipokea, akaigeuza, akamrudishia aliyeishona. "Fumua." Mgeni akadhani ni hongera kwa Kiha. Wakati wa kuaga alisimama mlangoni, akainua ngumi, akatupigia kelele kwa furaha: "Fumua! Fumua wote!" Mimi nilijifanya nakohoa.

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini nikiruka atanirudishia karatasi.

Septemba 2001 Bi Mwanvua, mwenye duka la ushonaji Ujiji, alipata oda ya sare za wanafunzi wa kambini, akatugawia sare mia moja. Wakati huo Mwalimu alikuwa anamwomba amwajiri Dainess, binti wa miaka ishirini na mbili, kiziwi tangu kuzaliwa. Dainess alikuwa amemaliza mafunzo mwaka mzima uliopita, bado anashinda kwetu, na maduka manne yalishamkataa. Mwenye duka mmoja aliuliza atamwitaje huyo asiyesikia, kana kwamba shati hushonwa kwa masikio. Bi Mwanvua alisema wazi: "Sare zikifika Jumamosi kabla lori la kambini halijaondoka, binti aanze Jumatatu. Zikiharibika, Mwalimu, usiniletee tena mtu wako."

Jumatatu ya wiki hiyohiyo Mwalimu akaenda Simbo msibani, akatuachia vitambaa, vifungo na orodha iliyoandikwa na mwalimu Mrundi wa kambini: P 40, M 30, G 30. Sisi saizi tulizozijua ni S, M na L. Basi mimi na Fabian wa stoo, watu wazima na akili zetu, tukakaa tukaamua kwamba P ni pana, na G ni gauni.

Dainess alinifuata ofisini. Akaniwekea kidole kwenye P, kisha akashusha kiganja mpaka juu kidogo ya goti langu. Mtoto wangu wa kwanza, wa miaka miwili, alikuwa na homa, nami nilikuwa sijalala siku mbili. Nikadhani ananiulizia mtoto. Nikamwonyesha kwa kichwa kwamba anaendelea vizuri. Akarudia. Nikamshukuru. Mara ya tatu akagonga meza, nikasema huyu binti sasa ana kiburi. Fabian alipokwenda kukata magauni, akamkuta Dainess amekalia kitambaa. Alibembelezwa kwa chai, akainywa chai, na hakuinuka.

Mwalimu alirudi Alhamisi asubuhi, akakuta sare arobaini pana zimetundikwa kambani, kila moja mtu angeweza kuivaa pamoja na shangazi yake. Hakutuuliza sisi. Alimuuliza Dainess, kwa mikono. Dainess akamwaga vifungo mezani. Vilikuja katika mifuko yenye herufi zilezile: vya P vilikuwa vidogo, vinne kwa kila shati, vya G vikubwa, sita kwa kila shati. Akashusha kiganja kwa P, akakiinua kwa G. Kumbe ni herufi za Kifaransa, saizi ndogo na saizi kubwa, na kiganja kile hakikuwa cha mtoto wangu. Kilikuwa cha mtoto wa kambini anayesubiri shati.

Afadhali Mwalimu angegomba. Alitutazama tu mimi na Fabian, akasema neno lake. Tukakaa chini wote, mpishi Rozalia, mlinzi, mpaka mkuu wa kituo, vijana wakatugawia nyembe. Gasper akawa anatupitia kwa kiti chake cha magurudumu, akikagua. "Shikamoo karani. Unararua kitambaa, hufumui." Alama ya wembe iko kwenye kidole changu mpaka leo. Kukata upya alikata Dainess peke yake, Alhamisi na Ijumaa. Mkuu alipomwomba Mwalimu amsaidie binti ili waharakishe, Mwalimu alikunja mikono, akasema mkasi una mwenyewe.

Jumamosi saa mbili asubuhi sare mia moja zilikuwa Ujiji, zimenyooka. Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mwalimu akamweleza Bi Mwanvua kila kitu, pana na gauni, huku mimi nimesimama, Dainess yuko pembeni yangu amekumbatia mkasi wake, anasoma nyuso zetu. Nilijua tumemponza. Bi Mwanvua alikagua kola moja, ya pili, ya tatu. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi niachie huyu asiyesikia. Hawa wenye masikio, Mwalimu, rudi nao."

Leo Dainess ndiye mkataji mkuu wa duka lile, na baada yake Bi Mwanvua amechukua vijana wetu wengine wawili bila kubembelezwa.

Mwalimu, zawadi yako ni shati. Limeshonwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Juzi nililiona, kola inaelekea Ujiji na mabega yanaelekea Kibirizi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kunyonyesha, nikasema inatosha, Mwalimu ni mtu mwema atalivaa. Dainess alikuwa amepita kutusalimia. Alilichukua, akaligeuza, akavuta vidole viwili hewani kama anavuta uzi. Kisha wembe akanikabidhi mimi.

Asante kwa miaka ishirini na saba ya kutuchosha kwa haki. Fika Simbo salama, upumzishe macho na mgongo, wajukuu wakuchoshe na wewe kidogo. Na shati ulikague, maana najua utalikagua. Ukikuta kosa usiliguse, lilete Gungu. Wa kusema fumua tunaye.