Mkono Kwanza, Mbegu Baadaye: Historia ya Mama Lundo

Ndugu wafiwa, majirani, wakulima wa Jumamosi, na nyinyi wa kamati mliokaa mstari wa mbele kwenye viti vyenye mito, familia imemteua kitinda mimba wa marehemu asome historia hii, si kwa elimu yake, maana shule aliiacha kidato cha pili na hasara ikawa ya shule, bali kwa sababu sauti yake hufika nyuma bila kipaza sauti, na leo familia inataka hata wa nyuma kabisa wasikie.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mama Lundo, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi viatu na mkewe mfua nguo, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, akaanza shule Januari 1964, akamaliza darasa la saba mwaka 1970 akiwa wa pili, na aliyekuwa wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, tuyaache hayo.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa jikoni katika shule ya bweni, kazi ya kumenya na kuosha, akaifanya miaka thelathini na sita mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, na ni huko jikoni alikoona madebe ya maganda yakimwagwa mtaroni kila siku, yakivunda, yakizaa funza, akakereka, akaanza kuyarundika nyuma ya jiko, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu, majivu kidogo, maji kidogo, akiyapindua kila wiki. Mpishi mkuu alimwambia, "Dada, utatuletea panya hapa," naye akamjibu, "Panya anafuata kinachonuka, njoo wewe unuse," mpishi akainama, akakuta harufu ya ardhi iliyonyeshewa, akarudi kwenye sufuria zake, na neno panya hakulitaja tena mpaka anastaafu.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na fundi bomba, marehemu baba yetu, aliyetangulia tarehe 22 Novemba 2003, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza mshona nguo, wa pili muuguzi, wa tatu dereva wa lori, na wa nne ni huyu mnayemsikiliza, fundi pikipiki, ambaye mtaani hakuna injini iliyomshinda, na anayebisha alete yake kesho.

Baada ya kustaafu alikitolea macho kile kiwanja cha nyuma ya ukumbi wa mtaa, ambako wengi wenu hapa, msijifanye mmesahau, mlikuwa mkitupa nepi za watoto, chupa zilizovunjika na mizoga ya paka, akakisafisha miezi mitano kwa reki na toroli la kuazima, na Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012 akafungua darasa lake la kwanza la wakulima wa mtaa, watu kumi na mmoja, na tangu hapo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mvua au jua, hakukosa hata siku aliyong'olewa jino.

Darasa lile lilikuwa na sharti moja, mkono kwanza, mbegu baadaye, yaani kila anayetaka mbegu aingize mkono mtupu katikati ya lundo mpaka kwenye kiwiko, autoe, aunuse, aseme amekuta nini, kwa sababu lundo likikuunguza halijaiva, likinuka halijaiva, likipoa na kunukia ardhi, hapo ndipo lipelekwe kwenye mche. Wapo waliokimbia, na yupo mwalimu mkuu mmoja, yuko pale anacheka, aliyetapika pembeni ya ua, akanawa, akarudi, akaingiza mkono, na leo miche yake ya nyanya ndiyo mnayogombania.

Mwaka 2022 ikaja kamati ya bustani, na mwenyekiti wake, ambaye wakulima walimbatiza Buti Jipya kwa kuwa viatu vyake vya mpira vilibaki na karatasi ya dukani kwenye kisigino miaka miwili mizima, akaandaa sikukuu ya wakulima Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, na Alhamisi iliyotangulia likaja lori la samadi ya kuku, mbichi, inatoa moshi, ina manyoya na mayai viza ndani, inzi wameifunika kama shuka, uvundo ukaingia mpaka kwenye mito ya kulalia ya mtaa mzima. Marehemu alimwambia, "Mwenyekiti, hii bado mbichi, weka mkono usikie moto wake, itaunguza miche," naye, leso puani, akajibu, "Mama, samadi ni samadi, wageni wanakuja keshokutwa," na mkono hakuuweka.

Wageni wakaja, wakavaa glavu nyeupe, kila mmoja akashika mche mmoja mbele ya kamera, mwingine akaupanda na mfuko wake wa nailoni mizizini, wakapiga makofi, wakanawa kwa maji ya chupa, wakaondoka, na Jumamosi iliyofuata miche mia tatu ilikuwa imekauka kama tumbaku. Mwanawe anayesoma hapa amewahi kuzibua mitaro na kuopoa mbwa aliyeoza tangini, lakini uchafu alioukuta Jumatatu tarehe 18 Machi 2024 hajawahi kuukuta pengine, maana siku hiyo kamati iligongomelea ubao getini uliosomeka, "Bustani imefungwa kwa uzembe wa msimamizi," na msimamizi alikuwa mama yake.

Marehemu hakuomba fidia wala kuombwa radhi, alitaka ubao ule uondolewe na Jumamosi zirudi, akaenda ofisini kwa kamati mara nne, akakalishwa kwenye benchi la nje mara nne, akaambiwa mwenyekiti yuko kwenye warsha, na warsha yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kilimo.

Januari 2025 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, madaktari wakagundua moyo umepanuka, akalazwa mara tatu, na mara zote swali lake la kwanza akiamka lilikuwa, "Ubao bado upo?", na mwanawe, ambaye kwa maneno hajawahi kushindwa na mtu, alimjibu neno moja, "Upo," mpaka Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, marehemu alipokata roho akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, ubao bado upo.

Jana mwenyekiti alifika nyumbani, akamvuta msomaji wenu pembeni, akasema, "Mdogo wangu, habari za bustani zipitie juujuu tu, msibani hatufukui makaburi," akajibiwa, "Kaka, sisi tunachimba moja, utatuwia radhi," na ndiyo maana mmenisikiliza mpaka hapa bila mstari kurukwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa jikoni waliokuja na masufuria yao, na wakulima wa Jumamosi waliochimba kaburi hili kwa zamu. Inaishukuru pia kamati kwa ubao wake, ambao wakulima waliung'oa leo saa moja asubuhi, wakaukwangua rangi yote, maana marehemu hakuruhusu rangi kwenye lundo, wakaupasua vipande, wakauzika katikati kabisa ya lundo, kwenye joto, chini ya maganda ya wiki hii. Mwenyekiti akiuhitaji anajua ulipo, anajua na sharti. Darasa ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, anayesoma hapa ndiye atakayefungua geti.

Mama, lundo tumelipindua, nenda kapumzike.