Lucia Ametimiza Kumi na Minane

Kwenye Noah ya kwenda Katesh, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa akimweleza mzee wa pembeni yake, asiyemfahamu, kwamba gari likifika Nangwa litampakia Lucia, binti ambaye ustawi wa jamii walimletea alee akiwa bado anatambaa. "Juzi ametimiza kumi na minane. Nimeomba abaki kwangu mpaka amalize chuo."

"Hapana, mama," alisema mzee, ingawa hakuulizwa. "Huyo ni mtu mzima. Sheria ni sheria, aende akajitegemee."

"Modest wangu wa kumzaa ana miaka thelathini na mbili, na asubuhi hii nimemwachia uji. Mbona yeye sheria haijamfuata?"

Tulicheka gari zima, isipokuwa mzee. "Wa kuzaa ni wa kuzaa," alisema.

"Afisa wa ustawi anasema ombi linaangaliwa," mama akaendelea. " Na alisema huku anatabasamu."

Nangwa gari likasimama. Binti mrefu mwenye begi mgongoni akafungua mlango, akamwamkia kwanza aliyekuwa mkubwa kuliko wote. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akasogea kumpa nafasi.

Mama akamgeukia mzee. "Mbona hujamwuliza umri?"