Unga Uliokosa Wenyewe

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Mwenye watoto asiwatoe nje. Waache wasikie na wao.

Leo namkumbuka mpishi wa shule. Mpishi wa ile shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali. Watoto walimwita Mama Upawa, na sisi wakubwa tukafuata. Alifariki wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Mapema kabisa niseme jambo. Sitasema alipendwa na wote. Binti yake, ambaye ni mshonaji, alinifuata hapa redioni akaniambia, "Dada, kipindi fanya. Lakini ukisema mama alipendwa na majirani zake, nitakuja kuzima mtambo kwa mkono wangu." Nimemwahidi. Na mimi ni mmoja wa hao majirani, kwa hiyo ninajua kwa nini ameniahidisha.

Mama Upawa alizaliwa wa kwanza kati ya watoto sita. Wa kwanza kati ya sita, na mama yao alikuwa mtu wa kuugua. Mdogo wake wa kiume, fundi bomba, anakumbuka hivi: "Dada alikuwa anaokota vipande vya sabuni vilivyobaki anaviweka kwenye kopo. Sisi tunamcheka. Siku sabuni haipo dukani, anafungua kopo, anavikanda vinakuwa kipande kimoja, tunaoga wote. Anatuambia, 'Haya, chekeni sasa, povu liwaingie mdomoni.'"

Jikoni pale shuleni alianza kwa kuosha sufuria. Baadaye akakabidhiwa upawa, na upawa huo akaushika miaka ishirini na sita. Nasema tena, miaka ishirini na sita. Siku moja mtoto wa mwalimu mkuu akapita mbele ya wenzake na sahani yake. Mama Upawa akamtazama, akamwambia, "Baba, umepotea njia. Mkia wa foleni uko kule kwenye bomba." Mtoto akasema, "Mimi ni wa mwalimu mkuu." Akajibiwa, "Najua. Mwambie na yeye akija asimame kule."

Na kulikuwa na sheria yake moja ambayo nataka muishike vizuri. Wazazi walipoleta mahindi au maharage ya chakula cha watoto, yote yaliingia pipa moja, likijaa linaanzwa jingine. Hakukuwa na pipa la mtoto wa fulani. Hakuna jina juu ya pipa. Alisema ukiandika majina, aliyeleta kidogo ataona haya, na mtoto wake ataona haya zaidi. Alichoandika ni tarehe tu, kwa chaki, ili cha zamani kitangulie kupikwa. Tarehe tu. Jina hakuna.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mnakumbuka mvua ziliposomba daraja. Malori yakakwama ng'ambo. Shule zikafungwa. Sisi akina mama tukapata wazimu wa madukani. Na mimi nimo. Nilinunua pakiti kumi na nne za chumvi. Kumi na nne! Sijui nilitaka kumkausha nani. Sabuni nikazijaza chini ya kitanda mpaka watoto wakawa wanapiga chafya usingizini. Nilikuwa nikiwatazama wanangu nahisi kama njaa imeshafika mlangoni inanisubiri nigeuke.

Nyumba yetu ni ya ua mmoja, milango kumi na miwili. Mimi naishi mlango wa nne. Mama Upawa mlango wa kumi na mbili, vyumba viwili, kimoja kitupu tangu binti yake aolewe. Wiki ya pili wadudu wakaingia kwenye unga wa Mama Pacha, jirani wa mlango wa kumi na moja, ukamwagwa wote. Ndipo Mama Pacha huyohuyo akaja na wazo. Nilikuwepo. Alisema, "Mama Upawa, wewe una chumba na una mapipa yenye mifuniko. Tutunzie basi. Si kazi yako hiyo? Sisi tutawalisha wadudu mpaka lini?"

Mama Upawa akakubali, kwa sharti lake la shuleni. Kila mtu alete alichonacho, kiingie pipa moja. Tarehe kwa chaki. Jina hakuna. Kila Jumatano mgao, kwa kikombe kimoja cha bati, kwa idadi ya midomo. Tukaleta. Sabuni na mafuta navyo vikakaa chumbani mwake. Aliyeleta kingi na aliyeleta kidogo, hakuna aliyejua. Mimi nakwambieni, kwa wiki tano ua ule ulikuwa na amani. Pacha wa Mama Pacha walikuwa wakiimba wakisikia mfuniko wa pipa unafunguliwa.

Halafu ikaja amri ya kuzuia ulanguzi. Kila kaya isizidi kilo kumi za unga ndani. Niliisoma mimi, kwa sauti hii mnayoisikia, asubuhi, mchana na jioni. Nikaenda nyumbani nikamwambia. Akacheka, "Mwanangu, kumi mara kumi na mbili ni ngapi?" Nikasema mia na ishirini. "Na sisi tuna tisini na sita. Wakija, wataambiwa ni vya kaya kumi na mbili, wataenda zao."

Wataambiwa. Hesabu ya unga aliipatia. Ya watu ikamshinda.

Walikuja Jumatano saa nne asubuhi, wakaguzi watatu. Mimi nilikuwa hapa studio. Haya alinieleza Mama Upawa mwenyewe, na fundi viatu wa mlango wa saba aliyasikia hivyohivyo.

Mkaguzi akauliza, "Mama, haya yote ni yako?"

"Si yangu peke yangu. Ni ya ua mzima."

"Huo ua mzima uko wapi?"

Watu walikuwepo. Waliokuwa wanafua walikuwepo, waliokuwa wanapika walikuwepo. Mama Upawa akaita, "Mama Pacha! Njoo umweleze mkubwa hapa." Mama Pacha alikuwa anaanika nguo, vibanio viwili mdomoni. Akavitoa. Akasema, "Sisi hapa kila mtu na chake."

Mama Upawa akamgeukia mke wa dereva wa lori, mlango wa tisa. Yule akasema, "Mimi mgeni hapa." Mgeni! Miaka mitano anapanga pale, na mwanawe wa mwisho kazaliwa palepale. Wengine mapazia yakashuka. Mlango mmoja ukafungwa polepole, nao ni mlango wenye bawaba zinazolia, kwa hiyo kila mtu alisikia.

Mkaguzi akainama akasoma chaki kwenye mapipa. Akawaita wenzake, "Ona, kila wiki anaongeza! Na tarehe kaandika mwenyewe." Utunzaji wake ndio ukawa ushahidi.

Wakapakia kilo themanini na sita. Wakamwachia kumi, haki ya kaya moja. Sabuni na mafuta yetu yakaenda pia. Jina lake wakaliandika.

Mimi nilifika saa saba mchana. Nikakuta foleni mlangoni kwake, watu na bakuli zao. Nikadhani ni mgao wa Jumatano kama kawaida. Nikaingia ndani kwangu, nikachukua bakuli, nikapanga mstari. Mama Upawa alikuwa ameinama anagawa. Alikuwa anagawa zile kilo kumi. Zile kumi zake, alizoachiwa kisheria, anawagawia waliomkana asubuhi.

Nusu saa haikuisha tangu gari liondoke, walikuwa wameshaanza kugonga. Mmoja mmoja. "Jirani, na wangu wamechukua?" "Mama, watoto wangu watakula nini?" Na Mama Pacha, kwa masikio yangu haya, alisema, "Mbona kikombe changu hakijajaa?" Mama Upawa akachota tena, akakijaza, akakisawazisha kwa kidole.

Nilipojua kilichotokea, bakuli langu lilikuwa limeshajaa. Sikulirudisha. Wanangu walikula.

Jioni nilimfuata. Nikamuuliza, "Mama, umewapaje hao watu?" Akasema, "Watoto wao hakuna aliyewauliza kitu. Ningewanyima kwa kosa gani?" Halafu akasema neno ambalo sijalala nalo vizuri mpaka leo. "Unajua kinachoniuma? Mama Pacha vile vibanio alivitoa taratibu. Cha kwanza, halafu cha pili. Alikuwa na muda wa kufikiri."

Kuanzia siku ile alihamisha kiti chake. Alikuwa anakaa uani anachambua maharage, anatupigia soga. Akakiingiza ndani, akakigeuza upande wa ukuta.

Jina lake likabandikwa ofisi ya mtaa, kwenye ubao wa walanguzi. Barabara ilipofunguka na shule ikafunguliwa, alivaa aproni yake, akaenda kazini. Jikoni akakuta mpishi mwingine. Mwalimu mkuu akamwambia, "Mama, mimi sina neno na wewe. Ni wazazi. Wanasema mlanguzi hawezi kushika chakula cha watoto." Kati ya wazazi waliosema hivyo, wawili wanatoka ua wetu. Wawili, waliokula zile kilo kumi.

Binti yake alikuwa ng'ambo ya daraja siku zote hizo. Alipofika, mama yake alimwambia, "Mimi nataka kitu kimoja tu. Jina langu litoke pale ubaoni kabla sijafa." Kitu kimoja, wasikilizaji wapendwa. Hakutaka unga, hakutaka kuombwa radhi.

Baada ya hapo mimi nilikaa siku nne kabla ya kwenda ofisini kusema ukweli. Siku nne, kwa sababu nina watoto watatu na baba yao hayupo, na niliogopa nikisema unga ni wangu na mimi nitabandikwa. Nilipokwenda, karani alinisikiliza vizuri. Akasema, "Kaya zilikuwa kumi na mbili. Wewe ni mmoja. Wengine wako wapi? Niletee sahihi za kaya zote kumi na moja, nimtoe leo hii."

Basi nikaandika barua, nikaanza kugonga. Fundi viatu alitia sahihi. Akasema, "Dada, mimi nilikuwa chooni. Nilipoisikia gari niliingia chooni, nikakaa mpaka ikaondoka, nasikia yote. Mzee mzima mimi." Dereva wa lori aliporudi safari na kuelezwa, alimwambia mkewe mbele yangu, "Mgeni? Basi nitakutafutia nauli ya kwenu!" Akatia sahihi.

Pamoja na mimi, watatu.

Wengine? "Kesho." "Mume wangu hayupo." "Hayo mambo si yamekwisha?" Mama Pacha aliniambia, "Dada, usinichimbe. Mimi nikisaini watauliza kwa nini nilisema uongo. Nani atanilelea hawa pacha?" Nikamwambia, hata mimi nina wangu. Akasema, "Basi wewe ndiye shujaa. Saini mara mbili."

Nilirudi kwa kila mlango mara tano. Mama Upawa alikuwa ananisikia nagonga, kwa sababu kuta zetu ni nyembamba. Alisikia kila jibu. Mara ya tano aliniita akasema, "Mwanangu, acha. Unanifanya nisikie mara mbili." Siku tisa baadaye binti yake alimkuta kwenye kile kiti, ameegemea ukuta, ameshaondoka. "Madaktari wameandika moyo," anasema binti. "Mimi sibishani nao."

Msibani majirani walikuja wote. Walikuja mapema, wakapata viti vya mbele. Mama Pacha alilia mpaka akashikwa mikono. Fundi bomba, mdogo wa marehemu, akaninong'oneza, "Huyu anayelia hivi, ni nani wake?"

Akina mama wenzangu, kuweka akiba ya nyumba si kosa. Shida ikija tutaweka tena, na mimi nitakuwa wa kwanza kukimbilia chumvi. Lakini nawaonya. Mkiweka pamoja, andikeni majina, na nakala ipelekwe ofisi ya mtaa kabla ya mtu kuja kukagua. Na kabla hujambebesha mwenzako pipa lako, jiulize ukiwa peke yako: siku akiita jina langu mbele ya watu, nitaitika? Kama jibu ni hapana, kaa na unga wako na wadudu wako. Usimharibie mtu jina.

Kwa binti wa marehemu, kwa fundi bomba na ndugu wengine wote, poleni sana. Poleni kwa msiba, na poleni kwa yaliyotangulia msiba. Mungu amlaze mama yenu pema.

Jana nilirudi kwa karani nikamuuliza kama mtu aliyekufa anaweza kutolewa ubaoni. Akasema, "Anaweza. Ninaowahitaji ni walio hai."

Barua nimeiacha hapa redioni, kwa mlinzi wa getini. Kalamu nimeifunga kwa uzi. Yuko mpaka saa kumi na mbili jioni, na hatamuuliza mtu chochote. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tano, wa sita. Wa nane. Wa kumi. Wa kumi na moja. Namba zenu nimeshaziandika pembeni. Kilichobaki ni mkono wa mtu.