Tui la Chiriku

MAMA MKWE: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI SAA: Shikamoo mama.

MAMA MKWE: Marahaba. Nani?

FUNDI SAA: Mimi, mama. Fundi.

MAMA MKWE: Fundi yupi? Bomba langu limeshatengenezwa.

FUNDI SAA: Fundi saa. Mkweo.

MAMA MKWE: Mimi nina mkwe?

FUNDI SAA: Mama, usikate, tafadhali. Nina dakika kumi na moja tu za maongezi, na—

MAMA MKWE: Miaka minne hujawahi kuwa na hata moja, leo umezipata kumi na moja.

FUNDI SAA: Ndiyo mama.

MAMA MKWE: Na mimi simu yangu ni ya kupokea tu, haina salio, ujue. Ikikatika imekatika. Haya, sema.

FUNDI SAA: Nilitaka kukuuliza habari za juisi.

MAMA MKWE: Habari za nini?

FUNDI SAA: Juisi. Ile ya matunda na tui la nazi, uliyokuwa unawatengenezea nyumbani. Inatengenezwaje?

MAMA MKWE: (Anacheka bila raha.) Anayeijua si unaye humo ndani? Nimemfundisha mwenyewe, amesimama juu ya kigoda ili aifikie meza, mdomo haufungi. Ndiyo maana nikamwita Chiriku. Muulize yeye.

FUNDI SAA: Ana... ana kazi kidogo. Tuna mgeni.

MAMA MKWE: Mgeni wa kiu ya nazi. Haya, andika. Nanasi moja lililoiva, pasheni kumi, nazi mbili ulizo—

FUNDI SAA: Samahani mama. Na kama mgeni hawezi kitu kichachu?

MAMA MKWE: Punguza pasheni.

FUNDI SAA: Na nanasi?

MAMA MKWE: Nanasi ndiyo juisi yenyewe.

FUNDI SAA: Nanasi lilimchoma.

MAMA MKWE: Lilimchoma nani?

FUNDI SAA: Mgeni.

MAMA MKWE: Lilimchoma wapi?

FUNDI SAA: Mdomoni. Na kooni.

(Mtandao unakwaruza.)

MAMA MKWE: Fundi. Nimepikia wanafunzi mia tatu, miaka ishirini na miwili, wenye surua, wenye vidonda vya mdomo, na wenye kujifanya wagonjwa wasiende darasani. Usinizunguke. Nani anaumwa hapo kwako?

FUNDI SAA: Mama, mimi nilikuwa tu—

MAMA MKWE: Nani anaumwa?

FUNDI SAA: Alinikataza nisikwambie.

(Kiti kinaburutwa sakafuni.)

FUNDI SAA: Mama? Haloo?

MAMA MKWE: Nipo. Nakaa chini. Sema.

FUNDI SAA: Ni hizo dawa za saratani wanazomtundikia hospitali. Wamemtundikia mara tatu, zimebaki tatu. Zimemchubua mdomo mzima mpaka kooni. Leo siku ya tatu hajameza kitu, mama, hata mate anayatema. Daktari alisema jana, kama mpaka leo jioni hajaweza kunywa, nimrudishe akalazwe. Na uzito ukishuka tena, dozi inayofuata hawampi. Akiikosa hiyo—

MAMA MKWE: Usimalizie.

FUNDI SAA: Haya mama.

MAMA MKWE: Anasemaje mwenyewe? Analia?

FUNDI SAA: Hasemi. Hawezi. Anaandika kwenye daftari.

MAMA MKWE: Chiriku wangu hasemi?

FUNDI SAA: Wiki sasa. Juzi asubuhi nilimwuliza, unataka nini duniani, nitakileta. Akaandika, "Juisi ya mama." Halafu akaifuta. Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona.

MAMA MKWE: Dakika zimebaki ngapi?

FUNDI SAA: Nane na sekunde kumi.

MAMA MKWE: Basi kulia tutalia baadaye. Umemtengenezea nini mpaka sasa?

FUNDI SAA: Ya kwanza ya nanasi. Ilimchoma, akapiga kikombe mkono. Ya pili nikaacha nanasi, nikatia embe, tui na barafu tele, maana alisema, yaani aliandika, kinywa kinawaka moto. Ikafanya mabonge.

MAMA MKWE: Tui haliwekewi barafu. Mafuta yanaganda, mtu anameza mishumaa. Endelea.

FUNDI SAA: Ya tatu bila barafu. Embe na tui tupu. Ilikuwa laini, mama, naapa, niliionja mwenyewe. Aliiweka mdomoni tu, akageukia ukuta. Hataki kuniangalia. Mama, nadhani amechoka. Nadhani amekata shauri.

MAMA MKWE: Shauri gani?

FUNDI SAA: Mama, unajua.

MAMA MKWE: Sijui, na wewe hujui. Chiriku hajawahi kukataa juisi hiyo hata alipokuwa na homa ya kuona ng'ombe darini. Hiyo ya tatu ina kasoro. Uliichuja kwa nini? Una kifumbu?

FUNDI SAA: Sina. Nilichujia kitambaa.

MAMA MKWE: Kitambaa gani?

FUNDI SAA: Kisafi, mama. Cheupe, cha pamba. Kile cha pale kazini, cha kufutia vioo vya saa. Hakiachi hata uzi mmoja. Nimekifua mara mbili kwa sabuni.

MAMA MKWE: Hivyo vioo unavifuta na nini?

FUNDI SAA: Na... petroli kidogo.

MAMA MKWE: Umemkamulia mwanangu tui kwa petroli.

FUNDI SAA: Nilikinusa. Hakina harufu.

MAMA MKWE: Kwako wewe. Pua yako imeshaizoea petroli tangu ujana, huwezi kuisikia hata ukioshwa nayo. Mgonjwa wa dawa zile ananusa sabuni ya mtaa wa pili.

FUNDI SAA: (Sauti inakatika.) Mama... na hata ya pili niliichujia hicho hicho. Siku mbili nimekaa nikidhani anakataa kuishi. Jana nimemgombeza, mama. Nimemwambia hajitahidi.

MAMA MKWE: Lia ukimaliza. Nazi umebakiza ngapi?

FUNDI SAA: Moja. Nimeshaikuna, iko kwenye bakuli.

MAMA MKWE: Umeikuna na nini?

FUNDI SAA: Mbuzi ya jirani.

MAMA MKWE: Ya jirani, afadhali. Embe lipo?

FUNDI SAA: Dodo moja. Limeiva sana. Nimelimenya, nikalisaga kwa mkono na kulipitisha kwenye chujio jipya. Bakuli lake liko ndani ya beseni la barafu.

MAMA MKWE: Nani alikwambia uliweke nje ya barafu namna hiyo, bakuli ndani ya beseni?

FUNDI SAA: Nilifikiri tu. Baada ya yale mabonge.

MAMA MKWE: (Anaguna.) Kumbe kichwa kipo. Tunda ndilo linalopozwa, tui linaingia mwisho. Sasa weka simu mezani, nawa mikono. Sabuni, halafu ndimu, mpaka kwenye kucha.

(Maji yanamwagika. Mtandao unakwaruza.)

FUNDI SAA: Tayari. Nimekuweka kwenye spika.

MAMA MKWE: Yeye anasikia?

FUNDI SAA: Yuko chumbani, mlango nimeurudisha. Hajui kama nimekupigia.

MAMA MKWE: Mimina maji ya uvuguvugu, nusu kikombe, yasizidi. Ya moto yatalikata tui. Sasa finyanga. Unafinyanga?

FUNDI SAA: Nafinyanga.

MAMA MKWE: Mbona sisikii kitu? Nazi ikifinyangwa inasikika.

FUNDI SAA: Naogopa kuiharibu, mama. Na hii ndiyo ya mwisho.

MAMA MKWE: Mikono inayoshika skrubu ndogo kama chawa leo inashindwa na nazi? Finyanga kama unamkamata mwizi wako. Hivyo. Hiyo nimeisikia. Sasa kamua konzi kwa konzi, mkono mtupu, juu ya lile chujio jipya.

FUNDI SAA: Linatoka. Zito.

MAMA MKWE: Ishia hapo. Usirudie kwa maji ya pili, hatupiki wali. Machicha weka pembeni. Barafu imeligusa embe?

FUNDI SAA: Haijaligusa.

MAMA MKWE: Embe vijiko vitano kwenye kikombe. Tui vijiko vitatu. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo tu, lilegee, lisivutike. Sukari usitie, itamkwaruza. Koroga polepole, lisitoe povu. Dakika?

FUNDI SAA: Mbili na sekunde hamsini.

MAMA MKWE: Siku zote ulikuwa hivyo? Unajua mpaka sekunde?

FUNDI SAA: Ndiyo kazi yangu, mama.

MAMA MKWE: Mimi nilisema binti yangu hawezi kulishwa na mtu wa kuchungulia saa. Na mengine nilisema.

FUNDI SAA: Yamepita, mama.

MAMA MKWE: Hayajapita. Nilimwambia akitoka asirudi, na yeye amenitii. Kwa hilo moja tu ndiyo amewahi kunitii. Kifumbu chake kipo hapa ukutani, nilikisuka kwa ajili ya nyumba yake. Kinashika vumbi miaka minne na mimi nakipangusa. Mpelekee kikombe. Na simu iende, iweke karibu. Sitasema neno.

FUNDI SAA: Mama—

MAMA MKWE: Nimesema sitasema. Nenda.

(Hatua. Mlango. Kwa muda ni mtandao tu unaokwaruza.)

FUNDI SAA: Mke wangu. Geuka kidogo. Najua. Najua, mpenzi, nilikosea, ni kile kitambaa changu, kilikuwa na petroli. Hii sikuichujia kitambaa. Nusa kwanza, basi. Nusa tu.

(Pumzi inavutwa puani.)

FUNDI SAA: Kijiko kimoja. Ukikitema sitasema kitu.

(Kijiko kinagonga kikombe.)

FUNDI SAA: Pole. Pole sana. Polepole.

(Kimya kirefu.)

FUNDI SAA: Umemeza?

(Kijiko kinagonga tena. Na tena.)

FUNDI SAA: (Kwa kunong'ona.) Mama. Vijiko vitatu. Machozi yanamtoka lakini anameza. Sasa amenipokonya kijiko. Anakunywa kwa kikombe chenyewe.

(Upande wa pili hakuna sauti, ila mtu anapumua kwa shida.)

FUNDI SAA: Ngoja... anataka daftari. Anaandika.

MAMA MKWE: (Kwa kunong'ona.) Ameandika nini?

FUNDI SAA: "Umempigia mama."

MAMA MKWE: Amejuaje?

FUNDI SAA: Sijui. Amekiinamia kikombe, hata haniangalii.

MAMA MKWE: Amekasirika?

FUNDI SAA: Anaandika tena. Ameandika... "Bado yupo?"

MAMA MKWE: Mwambie nipo. Mwambie nakuja sasa hivi na kifumbu chake, na nazi, na asithubutu kunijibu mpaka mdomo upone. Mnakaa wapi?

FUNDI SAA: Sekunde kumi na tano, mama. Panda gari mpaka kituo cha mwisho. Ukishuka utaona kinyozi na duka la magodoro—

MAMA MKWE: Kinyozi na magodoro—

FUNDI SAA: Pita katikati yao, kisha uliz—

(Mlio wa simu kukatika.)

MAMA MKWE: Niulize nini? Haloo? Niulize nini, baba?

(Anakitungua kifumbu ukutani.)

MAMA MKWE: Haya. Nitafika niulize, anakaa wapi mkwe wangu, fundi saa.